Sahani ya Fundi Owor

Ukimuuliza Owor injini ya mashua huishi miaka mingapi, atakukatiza kabla hujamaliza. Miaka ni ya watu, atasema. Injini ina saa. Kisha atakueleza, upende usipende, kwamba iliyoangukia mikononi mwa mlevi hufa kabla ya saa mia tano, na iliyotunzwa huvuka elfu moja na mia tano, ikafunguliwa, ikavishwa pete mpya za pistoni, ikaanza kuhesabu upya. Na kama huamini, atakuonyesha kwa kidole injini ya Hajati Hamidah.

Hajati alikuwa mfanyabiashara wa Busia mjini, mwenye mashua moja ya kuvusha abiria kutoka Majanji hadi kisiwa cha Sigulu. Injini yake ya nguvu za farasi arobaini ilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Rangi yake ilikuwa imebanduka hata jina la kiwanda halisomeki, lakini kila asubuhi iliwaka kwa mvuto wa pili wa kamba. Aliyeitunza miaka yote hiyo ni Owor.

Yeye mwenyewe alizaliwa Petta, kwa wakulima wa mtama na mihogo. Alisomea ufundi Tororo, akaja Majanji kwa wiki mbili kutengeneza injini moja, akaoa Mildred, binti wa Kisamia, na zile wiki mbili hazijaisha hadi leo. Hanywi, hachelewi, na hasamehe kusahau kwa mwingine. Kazi yake ina sheria moja: kila anachokifungua hukiweka kwenye sahani ya bati, na kazi haijaisha mpaka sahani iwe tupu. Mwaka jana fundi mwenzake, Arnold, alisahau nati moja kwenye sahani. Owor aliishika juu watu wote waione, akamwambia arudi kwao akalime. Arnold hajamsalimu tena.

Basi Alhamisi moja Hajati alituma habari kwamba angefika kabla ya adhuhuri kuamua kama ile injini iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, naye anunue mpya. Owor hakulala vizuri. Kulipopambazuka alikuwa ufukoni, akamwaga oili ya gia iliyokuwa kwenye mguu wa injini, ile sehemu inayozama majini, akajaza nyingine. Alikuwa na skrubu ya chini, ya kuziba tundu la oili, mkononi, bado hajaivisha kile kipete cha mpira kinachozuia maji, alipoinua macho akamwona mama mkwe wake, Mama Peninah, akishuka kuelekea mashua na furushi kichwani.

Wengi siku hizi hukutana na mama mkwe njiani wakapeana mikono, wakaita hayo maendeleo. Owor si wa hao; yeye hufuata mila ya kutoonana uso kwa uso na mama mkwe. Aliikaza skrubu kwa haraka, akatoka mbio kujificha nyuma ya mtumbwi uliofudikizwa, akasimama huko amegeuza mgongo.

Swabur, nahodha wa mashua ya Hajati, alicheka hata akashika mbavu. "Fundi, unakimbia kama umebeba magendo. Huyo si mtu wa forodha, ni mama ya bibi yako."

Owor alijibana zaidi nyuma ya mtumbwi. Alipotoka, mashua ilikwisha kuondoka, Mama Peninah ameketi katikati yake, na injini ikiimba vizuri. Akainama kuchukua vyombo vyake. Sahani haikuwa tupu.

Kipete kilikuwa pale, chekundu, kidogo kuliko shilingi.

Alipiga simu ya Swabur. Iliita mpaka ikakatika. Nani angeisikia kwenye ule mngurumo? Akapiga tena. Akatembea hadi kwenye mizani ya samaki, akarudi. Maji yangeingia polepole, alijua, tone kwa tone, yakachanganyika na oili mpaka iwe nyeupe. Mafundi wa Majanji huita hali hiyo kunywa maziwa. Gia zikinywa maziwa husagana, na mguu ukikwama katikati ya ziwa watu hupiga makasia kutwa. Akaenda tena hadi kwenye mizani. Lakini saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, pengine hazingeiua injini. Angeweza kunyamaza. Jioni angefungua, angeivisha skrubu kipete, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia mara tatu, na kila lilipokuja alimwona Arnold amesimama mbele za watu.

Hajati alifika mapema kuliko alivyoahidi. Alishuka kwenye bodaboda, akajifuta vumbi, akauliza injini iko hali gani.

Owor alimnyooshea sahani. "Hajati, nimefanya kosa. Hiki kilipaswa kuwa ndani yake, na imeondoka bila hicho. Kosa ni langu peke yangu."

Hajati alikitazama kipete, akamtazama yeye. Kabla hajasema, simu ililia. Ni Swabur, amefika Sigulu. Owor alimwamuru asiiwashe, aifungue skrubu ya chini na kumwaga oili. Wakasubiri.

"Fundi, inatoka kama chai ya maziwa," Swabur akasema. "Lakini gia nazungusha na mkono, nasikia iko laini."

Oili ya akiba Swabur alikuwa nayo, kwa sababu Owor humfokea asiyebeba. Kipete ndicho hakikuwapo kisiwani kote. Ikasikika sauti ya mwanamke nyuma ya simu, kisha kicheko, kisha simu ikakatika. Owor alizunguka sahani kama kuku.

Mashua ilirudi alasiri, ikiimba. Owor alikuwa amekwisha kugeuza mgongo, maana Mama Peninah alikuwa ndani yake. Mama huyo alishuka na ndala moja nzima. Ya pili ilikuwa imekatwa tundu kisiginoni. Akasimama mbali, akamwambia Swabur kwa sauti ya kufika popote, "Mwambie mkwe wangu nimekata kiatu changu kwa wembe kuziba injini yake. Na mwambie huyo mwenye injini kwamba ndala yangu imo ndani. Asiuze mpaka nirudishiwe."

Hajati alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alisema hana nguvu za kubishana na mwanamke mwenye ndala moja. Injini ingebaki, na Owor aendelee kuitunza.

Owor alisubiri mama mkwe apite. Akaifungua skrubu, akakitoa kile kipande cha ndala, akaivisha skrubu kipete chekundu, akakaza, akapapasa, akakaza tena. Sahani ilikuwa tupu. Akaiinua na kutazama chini yake. Kisha, bado haijatulia roho, akajifuta mikono na kuondoka kumtafuta Arnold.