Kipimajoto cha Shimo la Ndizi

Wiki tatu nzima nililinganisha miradi miwili huria ya kipimajoto, ile ambayo watu huweka michoro na programu zao mtandaoni ili yeyote achukue bure. Wa kwanza ulikuwa na watu wengi wa kujibu maswali, lakini ulitaka intaneti muda wote, na kwetu Rulenge intaneti huja inapotaka yenyewe. Wa pili haukuhitaji mtandao, ila aliyeuandika alishaacha kujibu watu. Nikachagua wa pili na kujiona nina akili.

Nilitaka kupima joto la shimo ambamo mama huivisha ndizi za pombe. Shimo hilo likishapashwa moto na kufukiwa, haliguswi mpaka siku zake zitimie. Mama alikuwa kanisani nilipotoboa udongo na kupitisha waya wa kipimajoto nilichokuwa nimekiunda.

Kesho yake namba zilikuwa zinashuka kila saa, nami mjinga nikafurahi kwamba kifaa kinafanya kazi. Mpaka nilipoweka kiganja kando ya waya, nikahisi joto linatokea hapo hapo nilipotoboa. Nikaziba kwa udongo, nikashindilia kwa kisigino. Namba ziliendelea kushuka. Nikaandika swali kwenye ukurasa wa mradi, huku nikijua hakuna wa kulisoma.

Mama akaja akachuchumaa, akakitazama kile kioo kidogo cha namba.

"Kinasemaje?"

"Kinasema shimo linapoa."

"Haya. Kiambie basi lisipoe."