Ngano Iliyopandwa kwa Simu

Mama alikuwa kwangu Gongo la Mboto, ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, nilipomsikia akimpigia simu kaka yangu aliyebaki shambani kwetu Makete. Alimwambia apande ngano wiki ile ile.

“Mama, bado mapema, na baridi ya huku unaijua,” kaka alijibu.

“Ngano inavumilia baridi, ila ukame haiuwezi. Mvua siku hizi inakatika mapema. Panda sasa.”

Hata mie nilimwona mkaidi. Kila asubuhi, jicho likiwa limefungwa bandeji, alipiga simu kuuliza wamefika wapi, mpaka kaka akamaliza shamba zima.

Mvua ikakatika kweli, kabla ya wakati wake. Ngano ya majirani ilikauka ikiwa fupi, yetu ikiwa imeshajaza masuke. Siku ya kuvuna, Mama bado yuko kwangu akisubiri kutibiwa jicho la pili, kaka alipiga simu ya video na kumwonyesha shamba lote polepole.

“Mama, ulikuwa sahihi. Mie ndiye nilikuwa mbishi.”

“Najua,” alisema, akacheka mpaka ikabidi akae chini.