Mrija Wangu kwa Mbelgiji

Pale kwetu Mabanga hakuna busaa, pombe yetu ya nafaka, iliyonywewa kabla mimi sijaionja. Kwa hivyo Mbelgiji mmoja mwenye shamba huko Kitale aliponiita nimwambie kama pombe yake ya ngano imeiva, nilienda na mrija wangu mrefu na kiburi changu chote.

Barazani nilikuta glasi moja ya pombe yenye povu, na chini kando ya meza, sufuria kubwa yenye kitu cheupecheupe, ganda la chungwa likielea juu. Nikajua glasi ni yake. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wageni waone haina sumu, halafu wote hunyonya chunguni kwa mirija.

Lakini hakuonja. Aliisukuma kwangu, nikairudisha kwa adabu. Akaisukuma tena. Nilichanganyikiwa kabisa, nikaona heri nianze kazi. Nikatumbukiza mrija kwenye sufuria, nikavuta huku nimefumba macho.

“Ngano inasikika, Bwana,” nikasema. “Ila chachu bado kidogo, na machungwa yamezidi.”

Nikavuta tena, nipate hakika.

Ndipo mpishi wake, Wanjala, akatoka jikoni na tambara, akainama kando yangu.

“Mzee, hebu toa mrija kidogo,” akasema. “Sijamaliza kuosha glasi za jana.”