Majani Niliyompelekea Mama Mkwe

Nauza samaki wa mapambo hapa Songea mjini, na kila mteja namhubiria: usimwage samaki wala majani ya tangi mtoni, yatazaana yatumalizie samaki wetu. Mhubiri mwenyewe sasa! Mwaka jana nilikwenda Madaba kumsalimia mama mkwe. Kwenda ukweni mikono mitupu niliona aibu, nikambebea ndoo ya majani yanayoelea, yapendezeshe bwawa lake la perege.

Juzi afisa uvuvi akaniomba nikafundishe kijiji hicho hicho cha mama mkwe hatari ya majani ya tangi. Tulipofika, maji ya kijito hayakuonekana kwa majani. Niliyatambua mara moja. Nikafundisha mbio mbio, jasho likinitoka, macho kwenye gari la kurudia mjini.

“Sasa nani aliyaleta?” afisa akauliza wanakijiji.

Nikajifanya napokea simu. Mama mkwe, aliyechelewa kwa kunichinjia kuku, ndiyo kwanza alikuwa anafika. Somo hakulisikia, swali alilisikia.

“Mkwe wangu huyo hapo!” akasema kwa fahari. “Na mimi sikuwa mchoyo. Ambaye sikumgawia anyooshe mkono.”

Hakuna aliyenyoosha.