Sahani ya Baba

Kwa miaka mingi nimefundisha fasihi hapa Kirongwe, na miaka yote hiyo nilikuwa na jibu moja tu la swali la riwaya fupi ile: nani aliyemtenga kijana na familia yake? Ni hadithi ya tarishi aliyekuwa akiwalisha wote nyumbani, akapotewa na sauti, na taratibu nyumba nzima ikazoea kuishi kana kwamba hayupo. Jibu langu lilikuwa baba mtu. Mkali, mchoyo, hana subira. Ubaoni nilimwandika kwa herufi kubwa, chini yake nikaorodhesha dhamira: ubinafsi, utengano, mapenzi ya maslahi. Dada mtu nilimweka upande wa wema, maana ndiye aliyekuwa akimjibia kaka yake wageni wakija.

Msichana mmoja wa kidato cha nne, mpole hadi anakera, akaandika kwamba mkosaji ni dada. "Alianza kumhurumia kabla hajaombwa," aliandika, "na tangu hapo hakuna aliyemngoja kaka ajibu." Nikampa alama mbili kati ya kumi. Pembeni nikaongeza kwa wino mwekundu: Soma kitabu vizuri.

Kesho yake asubuhi alinifuata ofisini na karatasi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba kujua kosa langu."

"Dada alimpenda kaka yake," nikasema. "Hukuliona hilo?"

"Nililiona, Mwalimu. Sikuandika kwamba hakumpenda."

Nilimwambia arudi darasani. Nilikasirika, na nilijua vizuri kwamba hasira ile haikumhusu yeye.

Nyumbani ninaishi na baba yangu mzazi. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia, ikabidi ale kwa kushoto. Sisi tunakula sinia moja, na mkono wa kushoto hautiwi kwenye sinia. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Siku wakwe walipokuja kutoka Kilindoni, nilimpakulia baba sahani yake na kijiko, nikampelekea chumbani. Nilisema ni kwa ajili yake, asihangaike mbele za watu. Uongo mtupu. Niliona haya. Wakwe waliondoka jioni ileile. Sahani ikabaki mwaka mzima. Na mwaka huohuo nilisimama mbele ya darasa nikimlaani baba wa kitabuni. Nyani haoni kundule.

Msichana yule nilimrekebishia alama siku hiyohiyo aliyonifuata ofisini, nikakiri mbele ya wenzake kwamba nimekosea. Hilo lilikuwa jepesi. Mchana nilirudi nyumbani, nikatandika mkeka, nikaweka sinia la wali na mchuzi wa samaki changu, watoto wakazunguka. Nikaenda chumbani mwenyewe.

"Baba, njoo tule pamoja leo."

Alinitazama kidogo, akaanza kuinuka kwa mkongojo. Nilitangulia mkekani nikiwa na furaha, sitaki kuficha. Nilidhani mambo hurudi kirahisi hivyo. Alichelewa kutoka. Alipotokea alikuwa ameibana sahani yake kwapani, kijiko kikichungulia mfukoni. Akakaa ukingoni mwa mkeka, mbali na sinia.

"Nitilie humu, mwanangu," alisema. "Watoto wasije wakaona kinyaa."

Neno lile sikuwahi kulitamka mbele yake, wala mtu mwingine yeyote mle nyumbani. Nikaipokea sahani, nikamtilia.