Damu ya Watu wa Ziwani

Bibi yangu mzaa baba hakuamini kwamba dawa inaweza kuwa ya mtu mmoja. Ikiingia boma letu kule Macalder, ilikuwa ya wote, kama ugali. Baba akipewa vidonge vya malaria zahanati, homa ikishuka tu, bibi alivikusanya vilivyobaki na kuvifunga kwenye pindo la leso yake, kumngojea mgonjwa mwingine.

Mgonjwa huyo akawa kaka yangu, kijana wa kuvunja mawe mgodini na kula kuliko sisi sote. Mama alipoona leso inafunguliwa, alisimama mlangoni.

"Mama, usimpe vidonge hivyo. Ndugu yangu alivimeza, akakojoa mkojo mweusi kama chai ya strungi, akafa. Kwetu wanaume hawaviwezi."

"Kwenu," bibi akasema. "Nyar nam, huku si kwenu. Huyu ana damu ya mwanangu."

Nyar nam, binti wa ziwani: ndivyo alivyomwita mama tangu aolewe kutoka Homa Bay, na hakulitamka jina hilo bila kukunja pua.

Kaka alimeza, maana nani atamkatalia bibi yake? Kesho yake mkojo ulikuwa mweusi na macho ya manjano. Mvunja mawe akashindwa kushika kikombe. Hakumaliza wiki.

Matangani bibi alilia kwanza, kisha akamnyooshea mama kidole mbele ya watu. "Amesema mwenyewe kwao wanakufa hivi! Damu yao ndiyo imemuua." Onyo la mama likageuzwa ushahidi wa uchawi. Baba alitazama viatu vyake, na kwa hilo sijamsamehe. Mama akarudishwa kwao Homa Bay, mimi nyuma yake na sufuria kichwani.

Huko mama alimweleza daktari habari za ndugu yake na mwanawe. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kuna damu haipatani na hizo dawa. Mtoto kijana anaipata kwa mama yake. Si makosa yako."

Alidhani anamfariji. Tulipokaribia nyumbani, mama akasema: "Kumbe yule bibi yako alisema kweli."

Nilimuuliza kwa hasira vidonge vilitoka mkononi mwa nani. Tangu siku hiyo alijihesabu yeye ndiye muuaji.

Bibi alikufa usingizini, mzee, ameshiba. Walimzika na leso yake.