Rupia Kubwa Ambayo Watu Walisema Haipo

Mama yangu aliuza mkufu wake wa harusi wakati wa njaa ya vita vya Mjerumani, akapata mtama wa kutulisha wiki chache. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka alivyouvua. Aliupitisha kichwani taratibu, akampa mnunuzi bila kumtazama usoni, kisha akaingia ndani kutwanga.

Ulikuwa na rupia kumi na mbili za fedha, zile za mwanzo za Wajerumani zenye simba mbele ya mnazi upande mmoja, na upande wa pili mfalme wao aliyevaa kofia ya chuma yenye tai. Katikati yake ilining'inia ya kumi na tatu, kubwa kuliko zote. "Ile ilikuwa rupia mbili katika sarafu moja," mama alizoea kusema. Majirani zetu wa mtaa wa Dunda, hapa Bagamoyo, walimsikiliza kwa adabu, wakifika nje wakacheka. Rupia waliijua, nusu waliijua, robo waliijua, hata mapesa ya shaba waliyajua. Rupia mbili hakuna aliyepata kuiona.

Mimi niliachika nikiwa bado kijana, nikarudi kwa mama na sindano yangu. Nilishona kofia za viua, kazi ya vitobo na uzi mweupe ambayo kofia moja nzuri huweza kumaliza mwezi mzima. Nyumba yetu ilipakana na karakana ya sonara, Mhindi mtu mzima, mpole, aliyezaliwa hapa hapa Bagamoyo na kusema Kiswahili cha hapa hapa. Nilipenda kushonea kwenye baraza yake kwa sababu ilipata mwanga mzuri.

Siku moja mwanamke mmoja alimletea rupia tano azifanye bangili. Wakati huo Mwingereza alikuwa ameshaleta shilingi, na rupia hazikununua tena kitu dukani. Zilibaki kuwa fedha ya kuyeyushwa. Sonara alizipanga mezani kabla ya kuzitia motoni, nami nikainua macho nikamwona simba.

"Fundi," nikasema, "hiyo moja usiiyeyushe. Nitainunua."

"Utaifanyia nini?"

"Mama alikuwa na mkufu wa namna hiyo."

Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mwenye mali na kumuuliza kama yu radhi. Mwanamke akasema fedha ni fedha, bora bangili zake zisipungue unene. Sonara akamwekea fedha yake badala ya ile rupia, nami nikamlipa thamani ya uzito wake kwa pesa ya kofia niliyoiuza juma lile, nikaipeleka nyumbani ndani ya upindo wa kanga. Mama aliipokea, akaigeuza mara mbili, akanirudishia.

"Zimebaki kumi na moja," akasema. "Na ile kubwa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Niliendelea hivyo miaka tisa. Kila kofia niliyoiuza nilitenga sehemu ya bei yake, na kila nilikosikia kuna rupia ya simba nilikwenda kuitazama: kwa wake wa wavuvi, kwa wenye maduka, kwa bibi mmoja aliyeifanya kifungo cha sanduku. Mwaka wa pili niliingia hasara. Mchuuzi sokoni aliniuzia rupia inayong'aa kama kioo, na sonara alipoikata kwa patasi ndani ikawa ya kijivu, madini ya risasi tupu. Nililia pale pale barazani. Yeye hakunicheka. Alinisubiri nikanyamaza, kisha akaniwekea rupia ya kweli kwenye kiganja kimoja na ya bandia kwenye kingine.

"Rupia nzima ina uzito wa tola moja, kipimo chetu masonara," akasema. "Mkono wako uujue uzito huo kama unavyoujua uzi. Halafu iangushe juu ya jiwe. Fedha inalia, na sauti inakawia kuisha. Risasi inasema ta, imekwisha."

Niliangusha rupia kwenye jiwe lake mpaka akaniomba nipumzishe masikio yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuzia risasi.

Nilipopata ya kumi na mbili, vita vya pili vilikuwa vimekwisha. Nilimwomba sonara atengeneze mkufu. Mama akakataa.

"Huo wa rupia kumi na mbili ni mkufu wa watu wengine," akasema. "Wangu una kubwa katikati."

Sonara alikuwa amekuja mwenyewe kuchukua kipimo cha shingo. Alisema kwa upole, "Mama, nimefua fedha miaka thelathini, na baba yangu kabla yangu. Rupia mbili sijaiona. Labda ile yako ilikuwa reale, ile sarafu ya Ulaya waliyoitumia Waarabu. Nayo ni kubwa."

"Reale ina sura ya mwanamke," mama akajibu. "Yangu ilikuwa na simba. Mimi sikuolewa kipofu."

Sonara akainamisha kichwa, akaondoka na kipimo chake. Nami, kusema kweli, niliona haya. Nilifikiri mama ameikuza sarafu ile moyoni kwa sababu ya uchungu wa kuiuza. Sikumwambia, lakini alinijua. Siku mbili hakusema nami ila kwa salamu.

Haukupita mwezi, mwanamke wa Fukayosi aliyekuwa akituletea mananasi aliniona ninachungulia rupia ya mteja.

"Wewe unapenda hizo?" akaniuliza. "Kule kwetu kuna bibi ana chungu chake. Moja ni pana, inafunika kiganja cha mtoto."

"Ina mwanamke?"

"Ina simba."

Asubuhi iliyofuata nilifunga kofia tatu kwenye kitambaa nikaondoka naye. Tulivuka Ruvu kwa mtumbwi, tukapata lori lililobeba mbao, na sehemu iliyobaki tukatembea. Bibi tulimkuta anapepeta mahindi. Nikampigia magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alizungumza Kiswahili kilichochanganyika na Kikwere, na pale niliposhindwa mwenzangu wa mananasi alinifasiria. Nikamweleza habari ya mama, ya njaa, ya mkufu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na chungu. Rupia zilikuwa nyingi, zimepakwa mafuta zisiharibike. Mumewe alikuwa mpagazi, kisha mkulima wa pamba, na kila alicholipwa alikizika. Bibi akaingiza mkono chini kabisa akanipa moja.

Niliipima mkononi kabla ya kuitazama. Ilikuwa tola mbili. Nikaigeuza, na simba yule yule alikuwa amesimama mbele ya mnazi ule ule, mkubwa, manyoya ya shingo yanahesabika.

"Ichukue kwa shilingi," bibi akasema. "Zote ni pesa zilizokufa. Kesho anakuja mnunuzi wa ngozi kutoka Msata, anazichukua zote, rupia nne kwa shilingi moja. Amenihurumia."

Sitajifanya malaika. Shilingi nilikuwa nayo. Ningeweza kuitoa, nikainuka na kwenda zangu, na pale hakuna ambaye angejua. Lakini nilimkumbuka mama alivyompa mkufu mtu yule bila kumtazama, nikaona kwamba leo mimi ndiye ningekuwa mtu yule.

"Bibi," nikasema, "hazijafa. Fedha haifi. Anakudhulumu. Usimuuzie hata moja."

Nililala kwa bibi, na asubuhi mnunuzi akaja na mzani wake wa kuning'iniza ngozi. Alikuwa mtu wa maneno mazuri. Alipoambiwa bibi hauzi, alinitazama juu mpaka chini, akaona kofia zangu.

"Mshona kofia anajua nini habari ya fedha?"

"Ninajua rupia moja ni tola moja," nikasema. "Na ninajua sonara wa Bagamoyo anatoa kiasi gani kwa tola. Nikitaje mbele ya watu hawa?"

Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Akacheka, akabadili njia. Akafungua mfuko akamwonyesha bibi rupia mpya, safi, akasema yu tayari kumbadilishia moja kwa moja, hizo kuukuu zenye mafuta kwa hizi zinazong'aa.

"Nipe moja niitazame," nikamwambia.

Alisita, lakini macho ya watu yalikuwa juu yake. Nilipoipokea tu, mkono wangu ukajua. Hapo uani palikuwa na jiwe la kusagia. Niliangusha kwanza rupia ya bibi. Ililia, ikalia, mpaka watoto wakanyamaza kuisikiliza. Kisha nikaangusha ya kwake.

Ta.

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Mzee mmoja akamwomba ajaribu nyingine, na nyingine, na zote zikasema neno lile lile. Mnunuzi alirudisha risasi zake mfukoni, akachukua mzani wake, akashika njia ya Msata bila kuaga. Bibi alicheka mpaka akaketi chini.

Siku ya tatu bibi alikuja Bagamoyo pamoja nami, mkwewe amebeba chungu. Sonara alipima rupia zote mbele yake, tola kwa tola, akampa bei yake kamili bila kubishana. Bibi akafunga shilingi zake kwenye kaniki, kisha akatoa ile kubwa ambayo hakuwa ameitia kwenye mizani.

"Na wewe nipe bei uliyonifundisha," akaniambia. "Tola mbili. Na kofia moja ya mkwe wangu."

Nilimpa thamani ya tola mbili na kofia nzuri kuliko zote tatu. Sonara alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti chake. Aliichukua rupia, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaiangusha jiweni, akaisikiliza, akaitazama tena. Alivaa koti lake, akatoka karakanani mchana kazi ikiwa mezani, akaenda nyumbani kwetu, nami na bibi nyuma yake.

Mama alikuwa anachagua mchele. Sonara akaweka rupia juu ya ungo mbele yake.

"Mama," akasema, "nimekosa. Unisamehe."

Mama aliifuta kwa ncha ya kanga. Alipitisha kidole gumba juu ya simba, akafika kwenye mnazi, akarudi. Nilingoja alie, lakini hakulia.

"Nimekusamehe," akasema. "Kaa unywe kahawa. Na wewe dada yangu," akamwambia bibi, "karibu, kaa hapa karibu yangu." Kisha akanitazama, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto wangu. "Wewe nenda ukawaite majirani. Wote."

Walikuja. Rupia ikapita mkono kwa mkono katika ukumbi wetu, na mama akiwa ameketi wima, akimweleza kila mmoja tena tangu mwanzo, na safari hii hakuna aliyetoka nje kucheka.

Mkufu ulikamilika kabla ya mwezi kuandama. Sonara hakutaka ujira. Mama aliuvaa katika harusi ya mtoto wa ndugu yangu, akapita mtaa mzima kwa miguu ingawa alikuwa ameletewa punda, na fedha ikilia kifuani mwake kila hatua.

Habari za Fukayosi zilienea mbali kuliko nilivyodhani. Msimu uliofuata wanawake wa bara walianza kufika kwenye mlango wangu na vifundo vya kaniki vyenye rupia, wakiniita mama wa rupia. Nilinunua mizani ndogo ya shaba, nikaiweka barazani mahali kila mtu anapoweza kuiona, na mteja yeyote, kabla sijamtajia bei, nilimwomba kwanza aweke sarafu yake juu ya mizani kwa mkono wake mwenyewe.